Jozi Nne

Ukuta wa Mkomani una unene wa dhiraa na zaidi:
mawe ya matumbawe, chokaa, na ubishi wa waliojenga.
Mawimbi ya hewani hugonga kichwa hapo yakarudi yalikotoka.
Ndiyo maana naitwa mimi, na ngazi yangu, na kebo.

Aliniita Bi Mwanakheri binti Shebwana,
afundishaye kwa video, kila baada ya alasiri,
watoto walioko Jedda na Toronto.
"Ndoo," akasema, "nyumba hini ina kigugumizi.
Natamka qaf, wao hupata nusu ya qaf."

Juu ya boriti nikaikuta: daraja la tano,
ya kijivu, maandishi ya ubavuni yamefifia.
Sikuicheka. Megabiti mia kwa sekunde,
jozi mbili zikitumika
na mbili zimelala kama wageni wa arusi.

Baada yake ilikuja tano yenye e.
Jozi zote nne huamka, gigabiti nzima, mita mia,
na kwa nyumba nyingi za mji huu imetosha.
Huhitaji punda saba kubeba kilo ya sukari.
Lakini wateja wanapenda tarakimu.

Sita, ukiichuna ngozi, ina uti wa plastiki katikati,
kiambaza, kila jozi na chumba chake
zisisikilizane siri.
Gigabiti kumi inazimudu, ila mwendo mfupi;
ukipita mita hamsini na kidogo, pumzi humwisha.
Sita yenye a huzifikisha hizo kumi hadi mita mia,
lakini nene, kaidi, haipendi kona,
na Lamu yote ni kona.

Nilimwekea sita.
Yaani, boksi liliandikwa sita.
Nililinunua Mombasa kwa bei ya huruma
na sikuuliza huruma ile ni ya nani.
Nikaivusha kwenye wikio hadi kwa mwanawe, penye intaneti,
taa zikawaka kijani,
nikanywa kahawa yake, nikapokea pesa yake.

Mwezi wa tatu simu ikalia.
"Qaf imekatika tena."

Nilikata ncha, nikakwangua waya kwa kisu.
Nje nyekundu. Ndani nyeupe.
Alumini iliyopakwa shaba,
na chumvi ilikuwa imeshaila mwisho wake ikawa unga.
Ningeweza kusema ni panya. Ningeweza kusema ni umeme.
Yeye alikuwa amesimama chini ya ngazi, miwani puani.
"Bangili ya kuazima," akasema. "Hung'aa siku ya arusi tu."
Sikuwa na la kujibu.

Nikarudi na tano yenye e, shaba tupu,
kutoka duka la Lali Bunu, kwa pesa yangu.
Akataka kujua mbona nyaya zimesokotwa mbili mbili.
Nikamwambia: kelele ikija, huzipata zote mbili sawasawa;
mwisho wa safari hupigwa hesabu,
kelele ikatolewa kwa kelele, neno likabaki.

Akanyamaza kitambo.
"Basi haziepuki kelele," akasema. "Huigawana."
Akaokota kipande cha jozi ya kahawia sakafuni,
akakisokotoa, akakisokota tena, vibaya,
akakiweka kidakani karibu na picha ya marehemu.

Kisha akanisomesha rangi zangu mwenyewe
nikizipanga kwenye kichwa cha plastiki:
chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, buluu,
buluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia.
Nilipokosea akanirudisha mwanzo.

Saa kumi na robo, kutoka Jedda, mtoto akatamka qaf:
nzima, ya koromeoni, yenye mate.

Robo tatu ya boksi lile bado liko chini ya kitanda changu.
Jana mtu wa Shela alinipigia
akauliza kama nina kebo ya bei nafuu.
Nikamwambia nitaangalia.